Si Ulikubali Mwenyewe?

Kuna swali moja ambalo Wakenya huliuliza kama hukumu. Utalisikia kwa mwenye nyumba, kwa bosi, kwa shangazi anayeambiwa kwamba ndoa ya mpwa wake imeanza kuwaka moto. Zaidi ya kote utalisikia mtu akilalamikia mkopo wa simu: "Si ulikubali mwenyewe?" Likishaulizwa, mazungumzo yamekwisha. Ulibonyeza, ulikubali, sasa nyamaza ulipe.

Nataka tulijibu kana kwamba ni swali kweli. Kukubali ni kufanya nini hasa? Na mtu akikubali akiwa amebanwa, aliyekubali ni yeye au ni shida yake?

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa kupatikana. Digrii sina, lakini nilitoka na yuniti tatu ambazo mpaka leo zinabishana kichwani mwangu: misingi ya saikolojia, sheria ya biashara, na udhibiti wa biashara na serikali. Zilifundishwa siku tofauti, kwenye kumbi tofauti, na wahadhiri ambao sidhani waliwahi kunywa chai meza moja. Hakuna aliyetuambia kwamba wote watatu walikuwa wanamzungumzia mtu yule yule: mtu aliyeshika simu saa nane usiku, mtoto ana joto kali, kidole kiko juu ya neno "Nakubali".

Nianze na sheria, maana ndiyo yenye jibu fupi. Ili mkataba uwepo, mmoja atoe pendekezo, mwingine alikubali, kila upande utoe kitu, wote wawe watu wazima wenye akili timamu, na wawe wamekusudia kufungwa na makubaliano yao. Basi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23, kwa kifupi inasema sheria ya mikataba ya Uingereza ndiyo itumike hapa. Ndiyo maana mwanafunzi anayeishi Kahawa Wendani anakaririshwa kesi ya mwanamke mwenye mkahawa huko Llandudno, Wales. Bi L'Estrange alinunua mashine ya kuuzia sigara, ikawa haifanyi kazi ipasavyo. Alipoenda kudai haki yake, akaonyeshwa karatasi ya kahawia aliyoitia sahihi, ambayo maandishi yake madogo yalikuwa yamefuta kila dhamana isiyoandikwa humo. Mwaka wa 1934 mahakama ikamwambia: umetia sahihi, umefungwa. Kwamba hukusoma, hiyo ni shauri yako.

Leo karatasi ya kahawia imekuwa skrini. Redioni imekuwa ile sentensi ya mwisho wa tangazo, "vigezo na masharti kuzingatiwa", inayosomwa mbio kana kwamba mtangazaji anakimbizwa na kanjo. Wazo ni lile lile. Tulikuonyesha, ulikubali.

Na tusiidharau busara iliyo ndani yake. Hakimu hawezi kumpasua mtu kifua aone kama moyo wake ulikubali. Anachoweza kuona ni ishara: sahihi, neno, kidole. Mama mboga anayekupa sukuma na nyanya za kulipa Ijumaa anategemea kwamba neno lako lina uzito hata wewe ukibadilisha nia. Wahenga walishasema ahadi ni deni. Tukianza kuruhusu kila mtu aseme "nilikubali lakini sikumaanisha", wa kwanza kuumia hatakuwa benki. Atakuwa huyo mama.

Lakini sheria hiyo hiyo ina dhamiri inayoisumbua. Tangu zamani inatambua kwamba ndiyo iliyotolewa kwa kulazimishwa, kwa kudanganywa, au chini ya ushawishi usiofaa, inaweza kufutwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na mzee mkulima wa Uingereza, Herbert Bundy, aliyeweka shamba lake rehani ili kuokoa biashara ya mwanawe. Mtu wa benki alimfuata nyumbani, fomu zikiwa zimeshajazwa, na mzee akatia sahihi. Alikuwa akiiamini benki hiyo kwa miaka. Mahakama ya Rufaa ikamrudishia. Jaji Denning aliandika kwamba pale ambapo nguvu za wanaopatana zimetofautiana mno, sheria isijifanye haioni. Wenzake wawili walifika huko huko kwa njia nyembamba zaidi, na baadaye mahakama ya juu ya Uingereza haikuupenda upana wa wazo lake. Hata hivyo swali lilikuwa limeshaulizwa mahakamani kwa sauti.

Kwetu, Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inalirudia kwa namna yake. Inasema mahakama inaweza kuangalia kama mteja alishindwa kulinda maslahi yake kwa sababu ya ulemavu, kutojua mambo, kutojua kusoma, kutoielewa lugha ya makubaliano, au sababu nyingine za aina hiyo. Maneno hayo ya mwisho huwa yananisimamisha. Je, dhiki ni sababu ya aina hiyo?

Hapo ndipo sheria inaishiwa na maneno, saikolojia inaingia.

Mwaka wa 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanyiwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Mkulima wa miwa hupata pesa kwa mkupuo baada ya mavuno, kisha zinapungua polepole hadi msimu ujao. Watafiti waliwapa wakulima wale wale mafumbo ya kupima akili mara mbili: kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu, na baada ya mavuno, mfuko ukiwa umejaa. Mtu yule yule alifanya vibaya zaidi alipokuwa hana pesa. Akili yake haikuwa imepungua. Ilikuwa na kazi nyingine: kuhesabu, kupanga, kuhofia. Kilichobaki cha kushughulikia mambo mengine kilikuwa kidogo. Ukimsimulia mkulima wa Mumias habari hii, atakuuliza kwa nini walihitaji kupanda ndege ili kuijua. Mwenye njaa hana miiko, tumesema sisi kabla ya jarida lolote.

Ongeza lile jambo ambalo Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka wa 1979: kupoteza shilingi mia kunatuuma kuliko kupata shilingi mia kunavyotufurahisha. Ndiyo maana ujumbe unaosema "usipoteze limiti yako" unakufanya ukope hata siku ambayo huna haja. Ongeza pia kwamba kwa binadamu leo ni nzito na kesho ni nyepesi. M-Shwari ilipozinduliwa mwaka wa 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa elfu mbili, ni mia na hamsini. Nani atalilia mia na hamsini na gesi imeisha? Lakini zidisha kwa miezi 12 upate asilimia 90, uone kama neno "nafuu" bado linakaa vizuri mdomoni.

Tuliposoma mambo haya, wengi wetu darasani tulipata raha fulani. Ilikuwa kama kuachiliwa. Kumbe si uvivu, si ujinga, ni ubongo! Na hapa ndipo mimi hushikwa na wasiwasi, kwa sababu hoja hiyo ukiisukuma mpaka mwisho inakupeleka mahali pabaya. Kama ndiyo ya mtu aliyebanwa si ndiyo kamili, basi maskini hawezi kukubali chochote. Hawezi kuajiriwa, hawezi kukodi nyumba, hawezi kuoa, maana lini maskini hajabanwa? Tutakuwa tumemtetea mpaka tumemfanya mtoto.

Mtaani kwetu kuna mama anayeamka saa tisa na nusu usiku kwenda Wakulima, ile soko tunayoiita Marikiti. Kabla ya kupanda matatu anakopa kwenye simu, elfu mbili, wakati mwingine tatu. Ananunua bidhaa, anauza mchana kutwa, jioni analipa. Kesho yake anarudia. Nilipomwambia kwamba ukihesabu ada ya mwaka mzima inatisha, aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mtoto wa watu aliyesoma sana. "Mwanangu, mimi sikopi mwaka. Mimi nakopa siku."

Alikuwa sahihi. Anajua bei ya kreti ya nyanya, anajua zitaoza ngapi, anajua jioni atabaki na nini. Ndiyo yake imesimama kwa miguu miwili. Mtu akimwambia kwamba hakukubali kikweli kwa kuwa ni maskini, anamtukana.

Kwa hiyo swali haliwezi kuwa tu "ulikuwa na shida au hukuwa nayo?" Mama wa Marikiti ana shida, na ndiyo yake ni nzima. Mzazi wa saa nane usiku ana shida pia, lakini kuna kitu katika ndiyo yake kinachonikera. Tofauti iko wapi? Nimefikiria sana, na nadhani nimekuwa nikiangalia upande usiofaa. Tangu Llandudno tunamchunguza aliyekubali: alisoma? alielewa? alibanwa? Hatumchunguzi aliyeuliza. Na kila ndiyo ina watu wawili.

Simu moja ndiyo iliyonisukuma upande huu. Siku moja nilipigiwa na mtu nisiyemjua, anayefanya kazi kwenye kampuni ya mikopo ambayo sijawahi kukopa kwayo. Alinitaja kwa jina. Akaniambia rafiki yangu fulani ni mwizi, amekula pesa za watu, nimwambie alipe kabla mambo hayajawa mabaya. Nilipomuuliza namba yangu ameitoa wapi, alijibu kwa uhakika wote: "Yeye ndiye alitupa. Alikubali."

Nilikaa na jibu hilo siku nzima. Rafiki yangu alikuwa amebonyeza kitufe kinachoiruhusu apu isome orodha ya watu kwenye simu yake. Sawa, alibonyeza. Lakini namba yangu ilikuwa yake kuigawa? Katika orodha hiyo mlikuwa na mimi, mama yake, pasta wake, mwalimu wa mtoto wake. Hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa. Kama mtu anaweza kukubali kwa niaba ya watu 300 kwa kidole kimoja, basi neno "kukubali" limeshapoteza maana, limebaki mlio wa kitufe tu.

Na tazama alichokuwa amekiomba mkopeshaji. Mkopo wa elfu tatu unadhaminiwa na elfu tatu na ada yake. Huyu alitaka dhamana nyingine: aibu. Alijua kwamba mtu akifilisika kila kitu, bado ana uso wa kumwangalia mama yake, na akauweka rehani uso huo bila kuutaja kwa jina lake. Aliuliza swali kubwa kwa maandishi madogo, saa ambayo alijua halitasomwa. Huo uchaguzi ulikuwa wake. Haukuwa wa rafiki yangu.

Lugha yetu ina neno ambalo Kiingereza cha darasani hakikunipa. Tuna "kukubali", na tuna "ridhaa". Unaweza kukubali kwa shingo upande. Unaweza kukubali huku unalia. Lakini ridhaa ni ndugu wa kuridhika. Ridhaa inadai kwamba kesho asubuhi, ukishalala, ukishakunywa chai, ukiangalia ulichokubali, utakitambua kuwa ni chako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakaribia hapo: inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, ya jambo mahususi, na ya mtu aliyeelezwa. Mkataba wa zamani ulitosheka na kukubali. Sheria hii mpya inauliza kama uliridhia, na hilo ni swali kwa mwenye kuuliza kuliko kwa mwenye kujibu.

Sasa serikali. Yuniti hii ya tatu ndiyo iliyokuwa ikitulaza usingizi, na ndiyo ninayoifikiria zaidi leo.

Apu za mikopo zilipoingia, nyingi hazikuwa benki na hazikupokea akiba ya mtu, kwa hiyo Benki Kuu haikuwa na mamlaka juu yake. Hata deni lisilofika elfu moja lingeweza kukufanya uorodheshwe CRB kama mdaiwa mbaya, mpaka Aprili 2020 Benki Kuu ilipoweka shilingi 1,000 kuwa kiwango cha chini na kuzizuia apu zisizodhibitiwa kupeleka majina huko. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa, na Machi 2022 kanuni za watoaji mikopo ya kidijitali zikachapishwa. Mkopeshaji akakatazwa vitisho na lugha chafu. Akakatazwa kuwaandama watu walio kwenye simu ya mdaiwa, au kumwanika mtandaoni. Akalazimika kuwa na leseni. Kufikia Septemba 2022 maombi 288 yalikuwa yamepokelewa, na leseni zilizokuwa zimetolewa ni 10. Mwaka uliofuata, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ikaitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa sababu ya mambo kama yale ya simu niliyopigiwa.

Kuna watu wa kizazi changu ambao wakisikia "kanuni" wanasikia "kanjo". Siwalaumu. Na si kila kanuni inayotungwa kwa jina la mnyonge humsaidia mnyonge. Mwaka wa 2016 Bunge lilizifunga benki zisitoze riba zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Ilionekana kama ushindi. Benki zikafanya hesabu, zikaona heri kuikopesha serikali kuliko kumkopesha fundi wa viatu, na wakopaji wadogo wakasukumwa nje, mikononi mwa apu. Novemba 2019 sheria hiyo ikaondolewa. Huwezi kumkinga mtu na mlango mbaya kwa kuufunga mlango pekee alio nao.

Basi kanuni nzuri ni ipi? Jibu nililipata kwa kuangalia chama cha mama yangu. Akina mama 14, kila mmoja elfu moja kwa mwezi. Ukichelewa, faini mia mbili. Pesa za akiba hazitolewi kabla ya Desemba, hata ulie. Hakuna anayekiita chama hicho udikteta, ingawa kinamfunga mtu mikono. Kwa nini? Kwa sababu mikono waliifunga wenyewe, mchana, wakiwa wameketi pamoja, tumbo likiwa na chai, wakijua vizuri kwamba kutakuwa na usiku ambao kila mmoja wao atataka kuifungua. Mama wa mchana anamwekea mipaka mama wa usiku, na wote wawili ni yeye.

Nadhani kanuni za serikali zina haki ya kutufunga pale tu zinapofanana na hicho. Zikitungwa na watu wasiowahi kukosa nauli, bila kuwauliza wanaokopa, zitamwona mama wa Marikiti kama mgonjwa wa kutibiwa. Zikitungwa na sisi tukiwa mchana, zinakuwa ndiyo yetu nyingine, ya kwanza, ile tuliyoitoa tukiwa na akili yote mkononi: kwamba hata siku tutakapobanwa na kubonyeza chochote, kuna vitu ambavyo hakuna mtu atakayeruhusiwa kutuomba. Namba ya mama. Uso mbele ya pasta. Katiba inadai wananchi washirikishwe sheria zinapotungwa, nasi tunaipuuza mikutano hiyo kwa kuwa inachosha. Chama nacho kinachosha. Akina mama wanahudhuria.

Hivyo basi, deni lilipwe. Sijaandika haya kumtafutia mtu njia ya kukimbia. Dawa ya deni ni kulipa, na rafiki yangu alilipa, polepole, kwa pesa za kusuka nywele. Elfu tatu zilikuwa ndiyo yake na aliitimiza. Lakini aibu aliyobebeshwa haikuwa sehemu ya deni, na hata angeitilia sahihi mara kumi isingekuwa. Mtu hawezi kuweka rehani kisicho chake, na kuna vilivyo chake ambavyo mwenzake hana haki ya kuviomba.

Siku hizi nikimsikia mtu akiulizwa "si ulikubali mwenyewe?", naliona swali limekatwa nusu. Nusu ya pili inamhusu yule anayeuliza, na ingefaa aijibu kwanza: ulimwomba nini, ulimwomba saa ngapi, na je, ungemwomba vivyo hivyo mchana, kwa sauti ya kusikika, mama yake akiwa ameketi hapo kando?